Saa ya Kunguru na Saa ya Damu

Paukwa! Pakawa!

Hapo kale, tena kale isiyo mbali, wanyama wa Rhotia walikuwa na kikoba. Walikutana kila Jumapili mchana chini ya mkuyu, wakaweka ndani ya sanduku la kufuli tatu kile walichopata kwa maharage, ngano na mbaazi. Ufunguo wa kwanza alikuwa nao Bibi Mbuzi, wa pili Mzee Kobe, na wa tatu Nungunungu, aliyeishi katika shimo lililochimbwa ubavuni mwa mlima kama zile nyumba za kale za Wairaqw, ambazo mpita njia aliweza kulikanyaga paa asijue kuwa chini yake kuna watu na ng'ombe.

Barabara ya lami itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, ikaupanda ukuta wa Bonde la Ufa kwa kona kali, ikapita Rhotia, ikaingia Karatu na kufika lango la Lodoare, mlango wa Ngorongoro. Alfajiri magari ya wageni hupanda. Jioni hushuka, na wageni wale wale wamejaa vumbi, vichwa vimeegemea vioo, wamelala. Wanyama wa Rhotia waliyaona hayo tangu utoto, na hakuna aliyewahi kuuliza ni kitu gani kinachomchosha kiasi hicho mtu aliyekuja kuangalia tu.

Siku moja Digidigi, mdogo kuliko wote kikobani, aliomba kusema. "Bibi, shikamoo. Dunia nzima inapita mlangoni kwetu kwenda kuangalia. Sisi tumeangalia nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Mzee Kobe akakohoa, akasema kwamba baharini ana ndugu yake, Kasa, na tangu azaliwe hajapata kumjulia hali. Ikaamuliwa waende, tena si kutembea ufukweni tu, bali kuzamia na kuyaona matumbawe kwa macho yao. Wakaweka akiba misimu mitatu ya mavuno.

Ngedere, mtoto wa Rhotia aliyekuwa dereva wa wageni, ndiye aliyetafuta chombo. Alileta bei mbili. Kasa wa Matemwe alichukua wageni wanne tu, safari moja kwa siku, na bei yake iliwafanya washike vichwa. Kunguru wa Nungwi alitaka nusu ya hiyo, na ndani yake mlikuwa na mbizi mbili, chakula, na kupelekwa mpaka kisiwa cha Mnemba. Papasi wake wa kumtafutia wageni, Panya, alipiga simu mara tano kwa siku moja akisema nafasi zinakwisha. Kikoba kikamchagua Kunguru, kikalipa nusu, nusu nyingine ikabaki kulipwa baada ya safari. Nalitaja hili mapema kwa sababu mbele litatajwa tena, na atakayelitaja hatakuwa rafiki.

Bibi Mbuzi hakwenda. "Magoti haya hayataki tena ngazi ya mashua," alisema. "Nendeni mkaone, mkirudi mnisimulie polepole."

Basi wakafika Nungwi. Kunguru si mwenyeji wa kale wa Unguja. Mababu zake waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 ili wasafishe taka za mji, wakazaana, wakavuka mpaka bara. Ni ndege mwenye akili na mchapakazi, sitamnyima sifa hiyo. Shingoni alining'iniza saa kubwa ya shaba, na mazungumzo yake yote yalianzia humo.

"Haya haya haya! Pandeni, maji yanakupwa!"

Mzee Kobe alikuwa bado anauliza habari za nyumbani, kama ilivyo ada.

"Yakhe, habari tutapeana tukirudi. Maji hayo!"

Ni kweli kwamba bahari ya kaskazini ya Unguja haimngoji mtu. Siku za bamvua maji hukimbia mbali, na mashua iliyochelewa hukaa mchangani saa nzima nzima. Lakini siku ile mwezi ulikuwa nusu, yalikuwa maji mafu, na kila mvuvi pale ufukweni alijua kuwa yasingekwenda mbali. Wanyama wa Rhotia, wakulima wa ngano na mbaazi, wangejulia wapi? Waliambiwa maji yanakupwa, wakakimbia.

Mwenye kuzamia hujiandaa na mwenzake. Huyu humkagua yule: fulana ya hewa imefungwa, mkanda wa vyuma unafunguka kwa mkono mmoja, mtungi umefunguliwa hadi mwisho, hewa inavutika na haina harufu. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Kunguru alizikata zote. "Nimekwisha kagua mimi," alisema, na macho yake yako kwenye saa. Kumbe koki ya mtungi wa Nungunungu ilikuwa imefunguliwa kidogo tu. Juu ya maji hewa ilitoka vizuri. Ni kule chini, ambako kila pumzi hudai hewa zaidi, ndiko ingekuja kumbana.

Aliyewaongoza chini alikuwa Mnandi, mfanyakazi wa Kunguru, aliyelipwa kwa kichwa cha mgeni na ambaye tangu alfajiri alikuwa amekwisha kuzama mara mbili. Macho yake yalikuwa mekundu. Sina la kumlaumu sana Mnandi.

Kila mita 10 unazoshuka baharini huongeza mgandamizo sawa na ule wa anga lote lililo juu ya kichwa chako ufukweni. Kwa hiyo kwenye mita 20 mwili unabeba mara tatu, na kila pumzi inakula mtungi mara tatu. Masikio ndiyo yanayolia kwanza. Mzamiaji husimama, hubana pua, hupuliza taratibu mpaka yafunguke, ndipo ashuke tena. Kuna anayehitaji nusu dakika na kuna anayehitaji dakika tano. Digidigi, mwenye masikio makubwa yaliyozoea upepo wa Rhotia, alihitaji tano. Mnandi alimvuta mguu.

Na huko chini kulikuwako kweli yale waliyoyafuata. Wakaona matumbawe kama shamba la maua ambalo hakuna aliyelipanda. Wakawaona pono wakiyatafuna, na sauti ya meno yao ikasikika majini kama ng'ombe walioachiwa kwenye mabua baada ya mavuno. Nungunungu aliposikia hivyo akacheka hadi maji yakamwingia ndani ya miwani. Mzee Kobe akakuta mwamba, na chini ya mwamba jicho. Jicho lile lilikuwa la pweza, aliyejifanya jiwe, rangi ya jiwe, chunusi za jiwe. Kobe akatulia. Kama kuna kiumbe anayejua kungoja ni yeye. Pweza naye akamtazama, kisha rangi ikaanza kumbadilika taratibu, kutoka kijivu kwenda wekundu wa udongo wa Rhotia, na mkono mmoja ukanyooka kutoka pangoni kumwelekea mgeni.

Ngo! Ngo! Ngo!

Kunguru alikuwa akigonga ngazi ya chuma ya mashua. Muda umekwisha. Pweza akarudi pangoni. Mzee Kobe aliniambia, kama Kobe anavyoweza kuniambia mimi, kwamba misimu mitatu ya akiba yake ilirudi pangoni pamoja na mkono ule.

Kanuni ya kupanda ni kwenda polepole, isizidi mita 9 kwa dakika, kisha kusimama mita 5 chini ya uso wa maji kwa dakika 3. Sababu yake iko mwilini. Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni naitrojeni, nayo chini ya mgandamizo huyeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda taratibu, hutoka kwa pumzi. Ukipanda kwa kasi, hugeuka mapovu humo humo mwilini, kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo hukaa kwenye viungo, kwenye mishipa, hata kwenye uti wa mgongo.

Nungunungu, ambaye koki ilikuwa imeanza kumnyima pumzi, alishika kipumulio cha akiba cha Mzee Kobe, wakapanda wawili hao kwa mwendo wa Kobe. Mwendo huo ndio uliomponya. Lakini Digidigi ni mwepesi, na sauti ya chuma ilimpiga kama bunduki ya mwindaji. Alitoka chini kama mshale.

"Vizuri sana!" Kunguru alimsifu. "Wageni wote wangekuwa kama wewe!"

Baada ya mbizi ya kwanza mwili huhitaji kupumzika juu kabla ya kushuka tena. Kunguru aliwapa muda wa kula ndizi, mashua ikiwa inakwenda. Mbizi ya pili ikafanana na ya kwanza, ila ilikuwa fupi zaidi, na mara hii Mzee Kobe hakutafuta mwamba. Walipofika ufukweni wageni wengine walikuwa wamekwisha panga mstari na mapezi mikononi. "Haya haya haya! Maji yanakupwa!" Ni maneno yale yale, na maji yapo pale pale.

Jioni ile ile Korongo wa Mto wa Mbu alikuwa akiwangoja. Tiketi za Korongo pia walikatiwa na Kunguru, aliyepata fungu lake humo. Sasa, kila mwenye mashua ya kuzamia anajua kwamba aliyezama zaidi ya mara moja asiruke angani mpaka zipite angalau saa 18, kwa sababu kule juu hewa ni nyepesi na mapovu hukua. Kunguru alijua. Aliitazama saa yake ya shaba, akaona kuwa Korongo ataondoka baada ya nusu saa, akawasukuma.

Korongo akapaa, Kilimanjaro ikabaki mkono wa kulia, akatua Manyara, kwenye kiwanja kilicho juu ya ukuta wa Bonde la Ufa. Ngedere aliwapokea na gari, akapanda nao mpaka Rhotia, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari ile waliyokuwa ndani yake mchana.

Bibi Mbuzi alikuwa amekaa mlangoni. Walimwamkia mmoja mmoja. Digidigi alishuka wa mwisho, akasimama, akainua mguu wa mbele, akauweka chini, akauinua tena.

"Umefanya nini mguu, mjukuu wangu?"

"Nimechoka tu, bibi. Kiwiko kinauma."

Bibi Mbuzi aliutazama mguu ule, na wote waliona sura yake ikibadilika.

"Mlazeni chini," akasema. "Sasa hivi. Asipande hata kichuguu. Ninyi hamjui, lakini mguu huo tunaujua sisi mbuzi. Huko London, daktari aitwaye John Scott Haldane na wenzake waliwaingiza mbuzi ndani ya chumba cha chuma, wakakishindilia hewa, kisha wakaifungulia. Mbuzi waliofunguliwa haraka walisimama hivyo hivyo, mguu wa mbele juu. Wapo waliopooza. Wapo waliokufa. Mwaka 1908 wale watafiti wakaandika jedwali la kupanda kwa vituo, na jeshi la wanamaji la Uingereza likalifuata. Kila mzamiaji anayepanda salama leo amepanda juu ya migongo ya mbuzi wale. Huyo mwenye mashua yenu hakuambiwa?"

"Ana saa kubwa, bibi," akasema Nungunungu kwa sauti ndogo.

Usiku ule hakuna aliyelala. Nungunungu alikimbia kituo cha afya kuazima mtungi wa oksijeni. Wakamlaza Digidigi ndani ya gari, wakamvalisha barakoa ya hewa ile, na Ngedere akaanza kumteremsha kuelekea Mto wa Mbu, kando ya Ziwa Manyara, ambako hewa ni nzito zaidi kuliko Rhotia. Zile kona alizokuwa akizikata kwa kasi kila siku, siku hiyo alizipita kwa mwendo wa jeneza. Kutoka huko wakamsafirisha kwa njia ya chini, mbali sana, hadi kwenye chumba cha mgandamizo, ambako mwili hurudishwa kilindini bila maji na kupandishwa upya kwa masaa mengi. Alirudi baada ya wiki kadhaa. Alikuwa hai, anakula, anacheka. Mguu haukurudi wote.

Kunguru alikuja Rhotia mwenyewe. Alifuata nusu ya nauli iliyobaki.

Walimkaribisha, wakampa maji, kisha wakakaa chini ya mkuyu. Bibi Mbuzi akamwomba aseme, naye akasema vizuri. Napenda msomaji amsikilize, kwa kuwa si yote aliyosema yalikuwa uongo.

"Nina mashua moja," alisema. "Mafuta ya injini yanakula fedha kabla sijaiona. Panya ana fungu lake. Hoteli ina fungu lake. Kusi ikivuma kuna siku bahari inanifungia mlango kabisa. Nisipokwenda mara tatu kwa siku, sili. Kasa aliwatajia bei ya kwenda polepole. Mliikataa ninyi wenyewe, na kufuli zenu tatu. Mkanunua haraka. Nimewaletea haraka. Kosa langu liko wapi?"

Mzee Kobe akainamisha kichwa hadi karibu kiingie ndani.

"Tena," akaendelea Kunguru, akimgeukia Ngedere, "kabla hamjaniita mwovu, muulizeni huyu mtoto wenu anafanya nini kule juu."

Ngedere akasimama. Alikaa kimya muda mrefu.

"Kibali cha kuingia Ngorongoro ni cha saa 24," alisema. "Zikipita, mgeni analipa tena. Kushuka kreta kuna ada yake kwa kila gari, na ikifika saa kumi na mbili jioni gari liwe limekwisha toka. Kampuni inanihesabia. Kwa hiyo nikimkuta faru nawapa wageni dakika mbili. Redio ikilia kwamba simba yuko upande wa Lerai, nawasha. Tukifika kwa simba, redio inalia tena. Mwaka jana mama mmoja mzee alinishika bega. Faru alikuwa na mtoto wake, mbali kidogo, wanatembea kwenye majani. Mama yule machozi yalikuwa yanamtoka. Akaniomba, mwanangu, tukae kidogo. Nikamwambia muda. Akaniachia bega." Ngedere akafuta uso. "Jioni alilala njia nzima mpaka Karatu. Ninyi mnawaona wanavyolala."

Basi wakajua ni kitu gani kinachowachosha.

Ndipo Mzee Kobe akainua kichwa. "Nina swali moja, nahodha. Kabla hatujaondoka nilimwona ndugu yangu Kasa, ufukweni, kwa dakika moja uliyoninyima nikaiiba. Aliniambia mwezi ulikuwa nusu, na maji yalikuwa mafu. Wewe ulituambia yanakupwa. Mafuta ni ghali, sawa. Panya ana fungu, sawa. Maji je?"

Kunguru aliitazama saa yake. Haikumsaidia.

Bibi Mbuzi alitoa hukumu akiwa amekaa, kwa sababu ya magoti. Alisema kwamba kikoba kilikosa kwa kutouliza ni kwa nini bei ya Kunguru ilikuwa nusu, na kwa kosa hilo kikoba kitalipa nusu ya gharama za Digidigi. Alisema bei ndogo inaweza kununua mashua kuukuu, kiti kigumu na ndizi badala ya wali, na mgeni aliyelipa hivyo asilalamike. Haiwezi kununua damu inayotii sheria nyingine. Damu ya mwenye senti na damu ya tajiri hutoa naitrojeni kwa mwendo mmoja, na nahodha anayejua hilo akagonga ngazi hana cha kujitetea. Nusu ya nauli iliyobaki hatapewa. Itaingia kwenye matibabu. Na tangu siku hiyo, mgeni asipokee mtungi kwake kabla hajaambiwa mambo matatu: maji yako wapi kweli, atapumzika muda gani kati ya mbizi na mbizi, na ni lini ataruhusiwa kuruka.

Saa ya shaba ikavuliwa shingoni mwa Kunguru, ikawekwa juu ya sanduku la kikoba. Ipo hapo hadi leo, haijatiwa ufunguo.

Kwa Ngedere alisema maneno machache tu. "Wewe ni wetu, kwa hiyo yako ni nzito zaidi. Kibali cha saa 24 hukukitunga wewe. Lakini mgeni anayetaka vitu kumi kwa siku mwambie ukweli langoni kuwa ataviona vitatu, na akivipata, mwache aseme yeye 'twende'."

Asubuhi iliyofuata gari la Ngedere lilishuka ukuta wa kreta, wa mita 600, pamoja na magari mengine. Lilipofika Ngoitokitok, penye bwawa la viboko, alizima injini na kupunguza sauti ya redio. Wageni wakamwangalia wakidhani gari limeharibika. Kiboko mmoja akatoa pua, akapumua, akazama. Wakangoja atoke tena. Hakuna aliyelala siku ile, na waliporudi jioni wakipita Rhotia, vioo vilikuwa wazi na walikuwa wakizungumza.

Nawe ukipita njia hiyo jioni, ukamwona digidigi kando ya shamba la mbaazi amesimama na mguu mmoja wa mbele juu, usimpigie honi. Mwache avuke.